Jinsi ya kutengeneza nyambizi ya chupa na kumsimulia dogo vita vya chini ya bahari

Hii kitu nishaifanya mara nne na madogo wa mtaani kwetu huku Kigamboni na kila mara imeishia kwa maji kumwagika mpaka mlangoni, kwahiyo kama una zulia au mama mwenye nyumba mkali fanyia uani, usije ukasema sikukwambia.

Ilianzia kwenye pantoni. Nilikuwa navuka na mpwa wangu wa miaka tisa, tumebanana pembeni ya bajaji, dogo anaangalia maji alafu ananiuliza, "Mjomba, meli ikizama si ndo basi imekufa, sasa nyambizi inazamaje alafu inarudi juu?" Mimi nikaanza kujiumauma, mara injini, mara sijui propela, mzee mmoja mwenye baiskeli ya madafu akawa anacheka chini chini, anajua kabisa huyu mjomba hapa anaokoteza. Nilivyofika home nikakaa nikasoma, nikatengeneza, nikagundua ukiwa na chupa mkononi vita vya nyambizi unaweza kuvisimulia karibu vyote bila kuanza na mabomu, maana ukifuatilia vizuri mambo mengi kule chini yaliamuliwa na hewa. Nani inamuishia kwanza. Torpido, yani lile bomu linalotembea lenyewe ndani ya maji, inakuja baadae.

Kingine kabla hatujaanza, ile Königsberg ya kule Rufiji haikuwa nyambizi. Nimeshabishana na watu watatu juu ya hili. Ilikuwa manowari ya kawaida ya Wajerumani, ya juu ya maji, ilijificha kwenye delta na ikamalizwa Julai 1915. Dogo akikuuliza usimdanganye.

Haya, vifaa vya mwanzo. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, ile laini inayobonyea ukiishika, sio ya soda ngumu. Kifuniko cha kalamu ya biki, chenye kile kiklipu cha kuningʼinizia mfukoni. Jojo moja. Glasi au jagi la kujaribia. Basi. Kama kalamu unayo hapo home hujatumia hata mia tano.

Tafuna jojo mpaka sukari iishe kabisa, hii usiiruke, jojo yenye sukari ikikaa kwenye maji inalainika inaachia. Angalia ncha ya kifuniko, vingi vina katundu kadogo juu (kamewekwa makusudi, mtoto akimeza kifuniko kwa bahati mbaya apate pa kupitishia pumzi, na hii ni sababu tosha ya kutowaachia watoto wadogo hivi vitu wakiwa peke yao). Kaziba hako katundu na kipande cha jojo. Alafu chukua jojo iliyobaki uibandike kwenye ncha ya klipu kule chini, ila mdomo wa kifuniko uache wazi, usizibe, maana maji lazima yawe na pa kuingilia.

Sasa tumbukiza kwenye glasi ya maji, mdomo ukiangalia chini. Unachotaka ni kifuniko kisimame wima na kielee kwa shida, yani kakichwa kake tu ndo kanachungulia. Kikielea juu juu ongeza jojo, kikienda chini moja kwa moja punguza. Hapa ndo penye kazi yote. Mpwa wangu alirudia mara saba, ya tano akataka kulia, nikamwambia hata waliotengeneza za kweli walirudia, na wao walikuwa wanakufa.

Kikikubali, jaza chupa maji mpaka mdomoni kabisa, ingiza kifuniko vile vile mdomo chini bila kukigeuza hewa isitoke, funga chupa kwa nguvu. Alafu minya ubavuni. Kinashuka! Achia, kinapanda. Ukiminya kidogo kidogo unaweza kukisimamisha katikati kabisa, hakishuki hakipandi, na hapo ndo watoto wote wanasema "naomba na mimi".

Usikimbilie kueleza. Mwambie aangalie ndani ya kifuniko wakati anaminya, kama kifuniko chako kinapitisha mwanga ataona maji yanapanda ndani. Maji huwezi kuyabana, hewa unaweza, kwahiyo ukiminya chupa kinachonywea ni kile kipovu cha hewa, maji yanachukua nafasi yake, kifuniko kinakuwa kizito, kinazama. Ukiachia kipovu kinatanuka kinayasukuma maji nje. Nyambizi ya kweli ina matangi pembeni yanayofanya kazi hio hio, ukitaka kushuka unafungulia maji yaingie, ukitaka kupanda unayafukuza kwa hewa iliyobanwa kwenye mitungi. Kama hewa ya kwenye mitungi imeisha, kama huna tena nguvu ya kuisukuma, hupandi.

Wakati wanagombania chupa wewe anza stori. Mimi naanzaga na Mholanzi Cornelis Drebbel, mwaka 1620 aliingia na chombo cha mbao kilichovikwa ngozi ndani ya mto Thames pale London, kinaendeshwa kwa makasia. Hicho kilikuwa maonyesho tu. Vitani ilianza Septemba 1776, bandari ya New York, Wamarekani wanapigania uhuru na Waingereza wameegesha manowari yao HMS Eagle. Jamaa anaitwa David Bushnell alikuwa ametengeneza kitu kama mayai mawili ya mbao yaliyobanwa pamoja, akakiita Turtle, yani kobe. Ndani anakaa mtu mmoja. Huyo mtu, sajenti Ezra Lee, alikuwa anazungusha propela kwa mkono, anaongoza usukani, anaingiza maji ya kuzamia, anayapampu kuyatoa, na hewa aliyonayo akifunga ni ya kama nusu saa. Alafu akifika chini ya manowari anatakiwa atoboe kwa keekee abandike bomu. Peke yake! Usiku! Keekee ikagoma.

Kwanini iligoma kuna maelezo zaidi ya moja ila moja unaweza kumwonyesha dogo sasa hivi. Weka ndimu ielee kwenye beseni, mpe kijiti cha meno mwambie aichome bila kuishika kwa mkono mwingine. Inamkimbia. Ndani ya maji huna pa kukanyagia, ukisukuma kitu kizito kinachorudi nyuma ni wewe. Lee alikuwa ndio ndimu.

Haya, sasa tunatengeneza kubwa, hii ndo wanaipenda zaidi maana ina mpira wa kupuliza.

Tafuta chupa ya nusu lita. Tafuta mpira mwembamba wa plastiki unaoona ndani, ule mafundi ujenzi wanapimia usawa wa ukuta, maduka ya vifaa vya ujenzi wanakukatia hata mita moja. Nati kubwa nne au bolti, uzito wote usizidi nusu kilo, mimi natumia kama robo hivi. Mipira ya kufungia hela. Silikoni kidogo ya fundi wa madirisha ya aluminiamu, muombe, tyubu zao huwa zinabaki baki. Na beseni kubwa la kufulia, au pipa likikatwa, maji yawe ya kina.

Toboa matundu matatu ubavuni mwa chupa, yawe yamefuatana kwenye mstari mmoja, ukubwa wa penseli. Kutoboa fanya wewe mtu mzima, msumari wa moto uushike na koleo. Upande huo huo wenye matundu ndo unafunga nati kwa mipira, ili chupa ikilala majini matundu yaangalie chini. Toboa kizibo, pitisha mpira, zungushia silikoni ndani na nje, alafu, na hapa ndo kila mtu anakosea na mimi nilikosea, usiguse mpaka kesho. Silikoni inakudanganya juu imekauka ndani bado. Mara ya kwanza nilisubiri saa moja tu, tukaweka kwenye beseni, hewa ikawa inavuja pale kwenye kizibo, tunapuliza mpaka kichwa kinauma chupa imelala chini inatuangalia.

Na hio siku nzima ya kusubiri ikauke ndo siku ya stori ya Hunley.

Hunley ilikuwa ya Wamarekani wa kusini kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Bomba la chuma, urefu kama mita 12, ndani wanaume nane, saba wamekaa mstari wanazungusha mtaimbo wa propela kwa mikono na mmoja anaongoza. Agosti 1863 ikazama kwenye mazoezi, watano wakafa. Ikainuliwa. Oktoba 15 mwaka huo huo ikazama tena, nane wakafa, na kati yao alikuwemo Horace Hunley mwenyewe, yule aliyegharamia na jina ni lake. Ikainuliwa tena, ikasafishwa (fikiria aliyepewa kazi ya kusafisha), na watu wengine nane wakakubali kuingia. Mimi hapo huwa nanyamaza kidogo, watoto wanauliza wenyewe "walikubali kweli?" Walikubali. Tarehe 17 Februari 1864 nje ya Charleston wakaipiga meli ya Housatonic kwa bomu lililofungwa mbele kwenye mti mrefu kama upondo, ikazama. Ndo mara ya kwanza katika historia nyambizi kuzamisha meli ya adui vitani. Na Hunley haikurudi. Ilitolewa chini ya bahari tarehe 8 Agosti 2000, na mabaki ya wale nane yalikutwa kila mmoja sehemu yake ya kazi, hawakurundikana mlangoni kama watu wanaotafuta kutoka.

Hesabu ya dogo wangu: nyambizi moja imeua watu wake 21, na upande wa adui kwenye Housatonic walikufa watano.

Kesho yake weka chombo majini. Dogo ashike mwisho wa mpira, auzibe kwa kidole. Chupa inaelea. Atoe kidole, hewa inatoka kwa juu, maji yanaingia kwa chini kwenye yale matundu, chupa inazama taratibu na vipovu. Apulize, maji yanatoka, chupa inaibuka. Kama inazama kichwa chini mkia juu sogeza nati, kama hata ikijaa maji haitaki kuzama ongeza nati moja, kama ukipuliza haiibuki umezidisha uzito. Hakuna vipimo vya kukupa hapo, kila chupa na tabia zake.

Mwache achoke na kupuliza. Akichoka mwambie hilo ndilo lilikuwa tatizo la nyambizi zote mpaka miaka ya 1950. Mnamo mwaka 1900 jeshi la maji la Marekani lilinunua nyambizi ya John Holland, huyu alizaliwa Ireland, na ubunifu wake ulikuwa kuweka injini mbili: ya mafuta ya kutembelea juu, na mota ya umeme wa betri ya kutembelea chini, kwasababu injini ya mafuta inakula hewa na chini hewa hakuna. Baadae mafuta yakawa dizeli ila mpangilio ukabaki ule ule vita vyote viwili vya dunia. Kwahiyo zile nyambizi za Wajerumani tunazosikiaga zinatisha, kiukweli zilikuwa boti za juu zenye uwezo wa kujificha chini kwa muda. Betri ikiisha lazima upande uwashe dizeli uchaji, na ukipanda unaonekana. Watoto wa Dar hii wanaielewa haraka sana, ni kama simu ina asilimia mbili na umeme umekatika mtaa mzima, huna ujanja, lazima utoke uende kwa jirani mwenye sola.

Sasa vita vya kwanza vya dunia. Hapa usimwage kila kitu, chagua. Mimi nachagua asubuhi moja tu, Septemba 22 mwaka 1914, nyambizi ya Kijerumani U-9, kapteni Otto Weddigen. Weka vizibo vitatu vya soda kwenye beseni. Kizibo cha kwanza ni manowari ya Waingereza Aboukir, ikapigwa torpido, wenzake wakadhani imekanyaga bomu la kutega. Hogue ikasogea kuokoa watu, ikapigwa. Cressy nayo ikabaki pale pale inaokoa watu, ikapigwa. Zamisha vizibo kimoja kimoja kwa kidole. Hayakufika hata masaa mawili, watu zaidi ya 1,400 wakafa, na walioua walikuwa wanaume wachache ndani ya bomba lenye harufu ya mafuta. Kabla ya siku hio wakubwa wengi wa majeshi ya maji waliona nyambizi ni mchezo wa kitoto.

Lusitania utaulizwa tu, maana ni maarufu, basi mwambie kwa kifupi: meli ya abiria, Mei 7 mwaka 1915 karibu na Ireland, torpido moja ya U-20, dakika 18 imezama, karibu watu 1,200 wamekufa na kati yao Wamarekani 128. Alafu 1917 Wajerumani wakatangaza wanapiga meli yoyote bila onyo na Aprili mwaka huo Marekani ikaingia vitani.

Kilichowaokoa Waingereza sio silaha mpya kwanza, ni kutembea kwa msafara, na hii ina mchezo wake mzuri sana hauhitaji maji. Tandika jamvi. Mwage maharage ishirini yasambae jamvi zima, mfunge dogo kitambaa machoni, adonoe kwa kidole mara kumi, atayapata mawili matatu. Sasa yakusanye yote yawe kifungu kimoja kidogo sehemu yoyote, adonoe tena mara kumi. Mara nyingi anakosa yote. Bahari ni kubwa, meli arobaini zikienda pamoja ni ngumu kuziona karibu sawa na meli moja, na hata akiziona anakuta kuna manowari za kuzilinda. Wakubwa wa Uingereza waliipinga hii kwa muda mrefu wakisema unaweka mayai yote kwenye tenga moja, mpaka meli zilipozama kupita kiasi mwaka huo wa 1917 ndo wakakubali.

Vita vya pili ni virefu, ukijaribu kuvimaliza dogo atasinzia. Nilichofanya mimi ni kufuata manowari moja tu ya Waingereza, inaitwa HMS Petard, kwasababu mwisho wake itatuleta karibu na kwetu, subiri utaona.

Oktoba 30 mwaka 1942, mashariki mwa bahari ya Mediterania, Petard na wenzake wameiwinda nyambizi ya Kijerumani U-559 masaa na masaa. Wanadondosha mapipa ya baruti yanayolipuka yakifika kina fulani. Kule chini betri inaisha, hewa imechafuka, usiku ikabidi ipande, mabaharia wake wakaruka majini. Nyambizi inazama taratibu, na watu wawili wa Petard, Tony Fasson na Colin Grazier, wakaogelea wakaingia NDANI. Na wa tatu akawafuata, Tommy Brown, huyu hata askari hakuwa, alikuwa muuza kantini na alidanganya umri wake, ana miaka 16. Fasson na Grazier wakawa wanatoa vitabu vya misimbo ya siri, Brown anavipokea anavipeleka juu. Mara nyambizi ikaenda chini ghafla. Brown aliruka akapona. Wale wawili hawakutoka. Vitabu vile vilisaidia Waingereza kusoma tena ujumbe wa nyambizi za Kijerumani uliokuwa unapita kwenye Enigma, mashine yao ya kuficha ujumbe, walikuwa wamekaa gizani karibu mwaka mzima, na Mei 1943 peke yake Wajerumani walipoteza nyambizi zaidi ya 40. Misimbo, ndege, rada, vyote vilichangia, sio kitu kimoja. Wajerumani waliohudumu kwenye nyambizi vita ile karibu robo tatu walikufa.

Kama kuna dogo amenuna hapo, mpe ya choo. Aprili 1945, nyambizi U-1206 nje ya Scotland, ilikuwa na choo cha kisasa kinachoweza kusukuma uchafu nje hata ukiwa kina kirefu, ila kina vali nyingi na mpangilio wake wa kuzifungua sio wa mchezo. Ukatokea utata kwenye hicho choo, maji ya bahari yakaingia, yakashuka mpaka kwenye betri zilizokuwa chini yake, na maji ya chumvi yakikutana na betri inatoka gesi ya klorini, sumu. Ikabidi wapande juu, ndege ikawaona, nyambizi ikaishia hapo, watu wanne wakafa. Madogo wanacheka mpaka wanagaragara, alafu mmoja anauliza, "kwahiyo wale wanne?" na kicheko kinaisha chenyewe.

Jioni likishaingia giza chezeni kombolela ya kuzima taa. Watoto wawili uwanjani wote wamefungwa macho, wengine wakae pembeni kimya. Mmoja ana vifuniko vya soda vinagongana mfukoni, mwingine ana limao nne za kurusha chini chini. Wa limao asikilize, asirushe haraka, ajifunze mwenzake anatembeaje, akienda kushoto anarudi lini kulia, alafu arushe zote nne moja baada ya nyingine akilenga mahali mwenzake ATAKAPOKUWA. Hii ni Februari 9 mwaka 1945 pwani ya Norway. Nyambizi ya Uingereza Venturer, kapteni James Launders, ilisikia injini ya U-864 iliyokuwa inaharibika inapiga kelele. Wote wawili wako chini ya maji. Mjerumani anatembea kwa kupinda pinda kukwepa. Launders akamfuata kwa masaa, anapiga hesabu ya upana, urefu, na kina, akaachia torpido nne kwa kina tofauti. Tatu zikakwepwa, ya nne ikampata. Watu 73, hakupona hata mmoja, na tani zaidi ya sitini za zebaki zilizokuwa zinapelekwa Japani zikalala chini. Ndo mara pekee inayojulikana vitani nyambizi kuizamisha nyambizi nyingine zote zikiwa chini ya maji. Na imeamuliwa na masikio!

Miaka ya baada ya vita mimi naipitia mbio. USS Nautilus ya Marekani ilianza safari Januari 1955 kwa nguvu ya nyuklia, haihitaji kupanda kuchaji, Agosti 3 mwaka 1958 ikapita chini ya barafu ya ncha ya kaskazini, yani ule mchezo wetu wa kupuliza mpira ukawa umekwisha kwa wenye hela. Ila wengine walibaki na betri, na Oktoba 27 mwaka 1962 nyambizi ya Kisovieti B-59 ilizingirwa na manowari za Wamarekani karibu na Cuba, betri inaisha, joto ndani halivumiliki, hewa nzito, wanarushiwa mabomu madogo ya kuwalazimisha wapande, na wana torpido ya nyuklia. Kapteni alikuwa tayari. Afisa mmoja, Vasili Arkhipov, akamtuliza, wakapanda juu. Hio ukimsimulia dogo mpe mpira wa chupa apulize mara ishirini mfululizo alafu umuulize swali la hesabu, ataelewa ni uamuzi wa aina gani mtu anafanya akiwa hana pumzi.

Belgrano ya 1982 (manowari ya Argentina iliyozamishwa na nyambizi ya Uingereza) na Kursk ya 2000 (nyambizi ya Urusi iliyozama na watu wake wote), niliziacha. Kursk hasa, kwa mtoto wa miaka tisa sikuona haja.

Ya mwisho usiisimulie uani. Mimi nilimchukua mpwa jioni tukaenda ufukweni huku huku Kigamboni, maji yamekupwa, tukakaa tunaangalia meli za mizigo zinazosubiri kuingia bandarini. Kwasababu hii imetokea kwenye bahari hii hii.

Februari 1944 msafara wa meli tano za kubeba askari ulitoka Mombasa kwenda Colombo. Moja ilikuwa Khedive Ismail, ina watu 1,511, na karibu elfu moja kati yao walikuwa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Wazee wetu wa vita ile tumezoea kuwaita askari wa keya (King's African Rifles) wote, hawa walikuwa wa mizinga, wanapelekwa upande wa kule Asia. Walikuwepo pia manesi na wanawake wengine wa jeshi. Tarehe 12 mchana, karibu na Maldivi, wengi wako ndani kwenye burudani ya muziki. Nyambizi ya Kijapani I-27 ikaachia torpido, mbili zikapiga. Meli ilizama kwa muda kama dakika mbili. Walikufa watu 1,297.

Kati ya manowari zilizokuwa zinalinda ule msafara moja inaitwa Paladin na nyingine ni Petard, ile ile ya Fasson na Grazier na muuza kantini. Nyambizi ilijificha chini ya mahali walionusurika walipokuwa wanaelea, na Petard na Paladin wakadondosha mabomu hapo hapo, kuna waliokuwa hai majini wakafa kwa mabomu ya wenzao. Sehemu hii nilifikiria sana kama nimwambie mtoto. Nikamwambia, nusu nusu. I-27 ikalazimika kupanda, ikapigwa, Petard ikairushia torpido saba mpaka ya saba ndo ikaimaliza.

Akakaa kimya, akaniuliza kama wale wa mizinga walikuwa wanajua kuogelea. Nikamwambia wengine walitoka bara mbali huko, bahari waliiona mara ya kwanza Mombasa. Akaniuliza sasa dakika mbili ni ndefu kiasi gani, nikamwekea saa ya simu tukahesabu wote, na wakati tunahesabu meli moja ya makontena pale nje haikuwa imesogea hata kidogo.

Chupa yako ya kwanza, ile ya kifuniko cha biki, ikikaa siku mbili tatu utakuta kifuniko kimelala chini hata ukiachia hakipandi. Haijaharibika. Jojo imenywa maji au kile kipovu kimetoroka kupitia kwenye katundu ka juu, fungua, kitoe kwa waya, kikaushe, bandika jojo mpya.